Uzoefu wangu: fundi wa akwariamu aliyekataa kunipa samaki niliowalipia

Tangi la samaki kwenye saluni yangu ya Kirumba limekuwa gumzo. Mwanza ukimwambia mtu una samaki wa kuangalia tu, anakuuliza kama wana mafuta. Wengi wananiuliza nimelitoa wapi. Jina la fundi silitaji hapa, kwa sababu lipo jambo namlaumu na nimeshamwambia ana kwa ana. Yuko upande wa Nyakato.

Tangi la lita 100, kabati lake, pampu ya hewa na filta vilinigharimu shilingi 280,000. Mjini unapata kwa bei ya chini zaidi. Silikoni imeshika vizuri, halijavuja hata tone. Kabati sikulipenda, mbao za chini zimeanza kuvimba kwa unyevu.

Nilianza kumwamini kwa maswali yake. Kabla ya kutaja bei aliuliza tangi litakaa wapi. Niliposema saluni, akaguna. "Dada, pale mnapopuliza dawa za nywele hapana. Pampu inavuta hewa ya humo ndani na kuisukuma majini." Tukakubaliana likae mapokezi, karibu na mlango, ila jua lisilipige, maana jua likilipiga maji yanageuka kijani.

Nikalipa, nikachagua samaki, akakataa kunipa. Nilikasirika kidogo, wateja walikuwa wameshaahidiwa. Akanieleza kwamba samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, kupitia matamvua na kinyesi, na tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na makali sana. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga. Ukitia samaki siku hiyo hiyo, matamvua yanaungua, wanakufa mmoja mmoja, nawe unarudi dukani kununua wengine. Nadhani maduka mengi yanaishi kwa vifo hivyo. Huyu alinipa kipande cha sponji chafu kutoka filta yake ya zamani, ndimo wanamokaa bakteria, akaniambia niwashe mashine na kusubiri. Maji ya bomba nayo yana klorini, kwa hiyo aliniuzia dawa ya kuiondoa.

Nilipomsimulia shemeji yangu habari ya matamvua kuungua, alicheka sana: samaki anasikia maumivu gani? Anasikia. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti kuhusu samaki aina ya trauti. Walikuta vichwani mwao mishipa inayopokea maumivu, na waliochomwa sindano ya tindikali mdomoni waliacha kula kwa muda, wakawa wanasugua midomo kwenye kokoto. Nilimsimulia na hilo. Akasema sato wa jioni asimsikie.

Tangi lilipokuwa tayari, nilitaka goldifishi sita. Akaniuzia wawili. Goldifishi anayetunzwa huishi zaidi ya miaka 10, na hukua kuliko anavyoonekana pale dukani. Siku ya kuwachukua hakuwa amewalisha tangu jana yake, ili wasichafue maji njiani, na mfuko aliujaza hewa kuliko maji. Nilipofika nikauacha mfuko uelee tangini kwanza mpaka joto la maji likalingana, kama alivyoagiza.

Nilimwomba pia mbipi, wale furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) wa kwenye mawe, kwa kuwa dume lake lina rangi za kutamanisha na ni wa kwetu. Hapo tukabishana. Yeye huuza furu waliozaliwa kwenye matangi yake tu. Furu jike hulea mayai mdomoni, na akinaswa na wavu huweza kuyatema kwa hofu, ukawa umemtoa mmoja na kupoteza uzao mzima. Furu wenyewe walishapungua vibaya tangu sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alipozagaa. Na kwenye lita 100, alisema, dume mmoja atawang'ata wenzake mpaka wafe. Nikaacha.

Anapokea samaki usiowataka tena, bure. Kwa sisi wa ukanda wa ziwa, jambo hili ni kubwa kuliko bei. Watu huona huruma, wanakwenda kumwaga samaki ufukweni. Tumesahau kwamba gugumaji lililovamia ziwa letu nalo lilisambazwa duniani kama ua la kupamba mabwawa?

Sasa lawama. Beta wake, wale wenye mapezi kama kanga inayopepea, amewapanga rafuni kila mmoja kwenye chupa ya jemu. Ni kweli madume yao hupigana na lazima yatenganishwe, na ni kweli hupumua hewa juu ya maji. Lakini kuvumilia chupa hakumaanishi chupa inawafaa. Hawawezi hata kugeuka vizuri. Mtu aliyenichosha kwa masomo ya amonia anawekaje samaki kwenye maji ya kikombe? Jibu lake: nafasi ya duka ni ndogo na wateja wanataka kuwaona wote. Halikuniridhisha, na beta sikununua.

Ukienda, piga simu kwanza. Jumapili hafungui mpaka atoke ibadani, na umeme ukikatika hauzi kitu, yuko nyuma anahangaika na betri za pampu.