Kliniki ya utafiti wa malaria iliyomuuliza mwanangu kwanza

Mwaka mzima nimempeleka binti yangu Rehema, miaka 9, kwenye kliniki moja ya utafiti wa malaria huku kwetu pwani. Kina mama wenzangu wananiuliza kama na wao wawapeleke wa kwao, basi nasema niliyoyaona.

Siku ya kwanza alikwenda na bibi yake, mimi nikiwa Kariakoo kufuata vitambaa. Wakawarudisha. Bibi alikasirika sana, maana anayemlea ni yeye, lakini walimwambia ridhaa ni ya mzazi au mlezi anayetambulika kisheria. Niliporudi, dada wa kliniki alinisomea fomu yote, kurasa 6, huku akinisimamisha: "Hebu nieleze wewe, tutachukua damu kiasi gani?" Nikakosea, akarudia. Halafu akamgeukia Rehema, akamwonyesha kile kisindano cha kutoboa kidole, akamwambia akikataa hakuna atakayemgombeza.

Nikadhani ni maneno ya fomu tu. Mwezi wa nne mtoto akaficha mikono ndani ya kanga yangu. Nikauvuta mkono kwa nguvu, kwa sababu nauli nilishapewa na niliona haya. Dada akasema, "Mama Rehema, mwache." Akaandika kwamba leo amekataa, akampima joto, tukarudi nyumbani na nauli yetu. Mwezi uliofuata Rehema alinyoosha kidole mwenyewe. Kwa hilo nawapa nyota 4.

Huku mtu akichukua damu za watoto anaitwa mumiani, na hofu hiyo siibezi. Mwaka 1996 kule Kano, Nigeria, Pfizer walijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo, na wazazi wakaja kulalamika kwamba hawakuambiwa ni majaribio. Lakini chanjo ya malaria ya RTS,S nayo ilijaribiwa kwa watoto 15,459 wa nchi 7, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe, kabla WHO haijaipendekeza mwaka 2021. Ndiyo maana nilikubali.

Nyota ya tano nimewanyima. Utafiti umekwisha, na hakuna aliyerudi kutuambia walichokipata. Rehema ananiuliza damu yake ilisema nini. Nimekwenda mara mbili. Mlinzi wa getini ananijibu mradi umefungwa. Ukimpeleka wako, kabla hujasaini waulize: majibu mtatuletea lini, na atakayeyaleta ni nani?