Kompyuta ya mtumba yenye viini vinne: uzoefu wangu wa mwaka mmoja dukani Lamu

Nina kiduka cha kuchapa na kupiga kopi huku Langoni. Kazi ni zilezile za kila saiba: barua, picha za pasipoti, fomu za eCitizen, na ikifika Juni watu humiminika kujaza ritani (taarifa za kodi) za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kabla ya tarehe 30. Kwa miaka mitatu nilitumia mashine ya mtumba, Pentium 4 ya gigahazi 2.8 (yaani mipigo bilioni 2.8 kwa sekunde), yenye kiini kimoja. Kiini, au core, ni sehemu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inayotekeleza kazi. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa ina maltitaskingi, yaani inafanya kazi nyingi kwa pamoja. Hapo ndipo nilipoumia, maana niliamini ni kwa pamoja kweli.

Siku iliyonifumbua macho nilikuwa nageuza video ya maulidi ya madrasa iingie kwenye DVD, huku najaza ritani ya mzee mmoja. Naandika PIN yake, skrini kimya. Naondoa vidole, ndipo herufi zinatokea, moja, nyingine, kisha nne kwa mkupuo. Mzee ameegemea bakora yake, akaniuliza, "Mwanangu, imelala hiyo?" Nikamwambia, "Haijalala, babu. Imeelemewa."

Kiini kimoja hutekeleza kazi ya programu moja tu kwa wakati. Mfumo endeshi, kama Windows, huipa video milisekunde kadhaa, huisimamisha, huhifadhi mahali ilipofikia, kisha hukipa kivinjari zamu yake, halafu printa, halafu hurudi kwenye video. Zamu hupokezana upesi mno hata jicho likaona zote zinakwenda. Hiyo ndiyo maltitaskingi, na sitaki mtu aidharau. Programu nyingi muda wao mwingi zinangoja tu: zinangoja kidole chako, karatasi ya printa, mtandao. Kiini kimoja kinazihudumia vizuri. Video ndiyo haingoji kitu. Kila zamu inayopewa inaila yote na kutaka nyingine.

Mama yangu mwezi wa Ramadhani huwa peke yake jikoni alasiri: anageuza sambusa, anakimbilia uji usimwagike, anarudi kuchota kaimati. Vyote huiva, lakini mikono ni ileile miwili. Dada zangu wakiingia, mmoja akashika uji na mwingine kaimati, hapo kazi zinakwenda kwa pamoja kweli. Hiyo ni maltiprosesingi: viini au prosesa zaidi ya moja, kila kimoja na kazi yake, na mfumo endeshi ukigawa. Mfumo wenyewe lazima uwe unajua kugawa. Windows 95 na 98 zilitumia prosesa moja tu hata ukiziwekea mbili, na Linux ilianza kuzimudu nyingi katika toleo 2.0, mwaka 1996.

Basi nikaagiza Core i5-2400, viini vinne, gigahazi 3.1, kwa shilingi 14,000. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikamalizia kwa punda. Tazama hizo gigahazi: 2.8 na 3.1. Ukinunua kwa namba hiyo peke yake utaona huna unachoongeza. Kumbe kila kiini cha hii mpya kinafanya kazi zaidi katika kila mpigo, na viko vinne.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa lilelile: video upande mmoja, ritani upande wa pili. Herufi zilifuata vidole bila kusita. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyofanya kazi, nikaona visanduku vinne vya grafu, vyote vikipanda. Kwa haki, RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ilitoka gigabaiti 2 hadi 4, kwa hiyo sifa zote si za prosesa.

Ila usitarajie miujiza. Programu yangu ya zamani ya kusoma maandishi ya skana haikuandikwa igawanye kazi. Nikiiendesha, prosesa inaonyesha asilimia 25 tu: kiini kimoja kinatoka jasho, vitatu vimekaa. Diski nayo ni moja, na viini vyote huipigia foleni, kama jikoni kwetu wapishi watatu na jiko moja. Nilipobadilisha diski ya kuzunguka nikaweka SSD, diski isiyozunguka, mashine iliwaka upesi kuliko nilivyotegemea. Na tovuti ya serikali ikilemewa usiku wa tarehe 30, hata viini mia havikusaidii.

Wala maltitaskingi haikuondoka. Viini ni vinne, programu zinazoendeshwa chini kwa chini ni zaidi ya mia, hivyo ndani ya kila kiini bado kuna kupokezana zamu.

Ukienda kununua, muulize muuzaji ina viini vingapi, na umwambie aiwashe usome mwenyewe kwenye Task Manager, penye neno Cores. Mimi nimeridhika nayo sana. Ile Pentium 4 nimeihamishia meza ya nyuma, inachapa mitihani ya madrasa tu, na kwa kazi hiyo moja haijawahi kunichelewesha.