Mafundi wa pevingi za matundu Kibosho, nawapa nyota nne

Kama una kihamba (shamba la migomba la nyumbani) huku juu mlimani Kilimanjaro, iwe Kibosho, Uru au Machame, na unataka kutengeneza uwanja kabla ndugu hawajapanda Desemba na magari yao, soma hii kwanza. Kila mwaka naona watu wanafunika kuanzia getini mpaka mlango wa jikoni, pevingi tupu, yale matofali ya zege ya uwanjani, hakuna hata kimgomba kimoja kimeachwa, alafu masika ikija maji yote yanateremkia kwa jirani wa chini.

Mimi nilianza na kampuni nyingine ya mjini, wakapima uwanja wote, karibu skwea mita 400, wakanipa bei ya kufunika kila kitu na zege jembamba chini yake eti isititie. Nikawa nimeshakubaliana nao kwa mdomo ndo shemeji akanielekeza kwa hawa, kikundi cha vijana wenye yadi barabara ya kupanda huku, wanaongozwa na fundi mmoja mtu mzima. Huyu mzee alivyofika hakutoa futi kamba kwanza, alizunguka nyumba akaangalia bati, akauliza gata zinamwaga wapi, akashuka mpaka mpakani akatazama mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita kwa bibi jirani wa chini, akarudi akaniambia, "Mama, bati lako tu mvua ya milimita 40 inashusha lita 7,000 na zaidi, sasa ukifunika na uwanja huyu bibi atalala wapi?" Na hesabu yake ni ya kweli kabisa, milimita moja ya mvua kwenye skwea mita moja ni lita moja, na nyumba yangu ina skwea mita 180 za bati.

Basi tukabadilisha. Njia ya kuingilia wameweka mistari miwili tu ya pevingi inapopita tairi, katikati nyasi. Sehemu ya kuegesha wameweka zile za matundu, zenye nafasi wazi za kuota nyasi, chini hakuna zege, ni kokoto iliyochekechwa isiyo na vumbi ili maji yapite, yaani ndani ya kokoto ndo maji yanakaa yakisubiri kuzama taratibu. Za getini ni unene wa milimita 80 maana Kenta ya mchanga inapita hapo, za kutembelea ni 60. Maji ya bati yanaingia tanki, yakizidi yanaenda shimo la mawe karibu na migomba. Mwinuko wakaulaza kuelekea shambani, sentimita 2 kila mita, sio kuelekea barabarani kama wengi wanavyofanya.

Masika iliyofuata nilisimama barazani mvua kubwa inapiga, uwanja haukutuama na mfongo wa bibi haukujaa tope. Kwangu hiyo ndo kazi niliyolipia. Maji ya huku juu yanaingia mito ya Karanga na Rau na yanafika chini Msaranga, Mabogini, kwa watu ambao hawajui hata kama sisi tumeweka pevingi.

Shemeji yangu mwingine yupo Maryland, Marekani, nilivyomtumia picha akaniambia kwao hili sio la hiari ya fundi. Kuna sheria ya jimbo ya 1984 ya kulinda ghuba ya Chesapeake, kaunti ndo zinaisimamia, na ardhi iliyo ndani ya futi 1,000 kutoka maji ya ghuba, sehemu nyingi za vijijini huruhusiwi kufunika zaidi ya asilimia 15 ya kiwanja. Viwanja vidogo vina nafuu kidogo. Wanahesabu bati, njia ya gari, changarawe, na hata pevingi zinazopitisha maji zinahesabiwa, kwahiyo huwezi kusema nimeweka za matundu basi nifunike kote. Nikapiga hesabu kwa kihamba changu cha nusu eka, kama skwea mita 2,000, asilimia 15 ni 300, nyumba imeshachukua 180. Ile kampuni ya kwanza ingenifikisha 580! Sisi tuna sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ni nzuri, ila maji ya uwanjani kwangu yanaanzia mbali na mto. Naomba sana halmashauri zetu kwenye kibali cha ujenzi ziulize na hili, kiwanja kikubwa kiasi gani, kinafunikwa kiasi gani, maji yanaenda wapi. Maswali matatu tu, na fundi wa kijijini ameshaweza kuyauliza bila kuamrishwa na mtu.

Nyota moja nimeikata kwasababu ya maelezo baada ya kazi, hayakuwepo. Hawakuniambia nyasi haziwezi kuota gari linaposimama siku nzima, pale pamekauka, bora wangejaza kokoto ndogo toka mwanzo. Pia hawakusema kwamba udongo ukijaa kwenye matundu maji hayapiti tena, inabidi kufagia na kuzuia tope la shambani lisiingie. Ukingo wa getini ulicheza kidogo, nikapiga simu wakaja kurekebisha bila kudai hela.

Bei ilikuwa elfu 34 kwa skwea mita pamoja na kokoto, kwa za matundu. Ni juu kuliko pevingi za kawaida lakini unaweka eneo dogo, mimi jumla nililipa pungufu ya ile ya mjini. Kuanzia Septemba wanakuwa na kazi nyingi sana, waite Juni au Julai, ardhi imekauka na wana muda wa kushindilia vizuri.