Kozi tatu za falsafa nilizochukua nikisoma uhasibu: ipi uchukue, ipi uiache

Kila wiki ya usajili ikifika, simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu wa uhasibu: "Dada, opshino gani laini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Nilisoma chuo kimoja hapa Dar. Sikitaji jina, maana kuna mwalimu nitamsema. Digrii yetu iliruhusu kozi chache za kuchagua nje ya idara, na mimi tatu nilizipeleka zote kwenye falsafa. Msione kwamba nilikuwa na kiu ya hekima. Nilisikia kwenye vimbweta, yale mabenchi ya chuo tunapokaa kujisomea, kwamba Maadili ni kozi ya kupandishia GPA, nikaenda huko kwanza. Zile nyingine mbili zilikuja baadaye, moja kwa ubishi na nyingine kwa sababu ratiba ilinibana.

Kuhusu Maadili, wa kwenye vimbweta hawakudanganya. Tulikuwa zaidi ya 400 ukumbini, maikrofoni inakata kila dakika, mwalimu anafungua slaidi na kuzisoma kama mtu anayesoma matangazo ya misa. Siku moja tu ukumbi ulichangamka, tulipofika kwa Philippa Foot, yule mwanafalsafa Mwingereza aliyetoa mwaka 1967 mfano wa dereva wa tramu. Tramu imekata breki, mbele yake reli ina watu watano, reli ya pembeni ina mtu mmoja. Akunje kona au asikunje? Jamaa mmoja wa nyuma akasimama: na kama huyo mmoja ni mama yake? Watu wakaanza kubishana safu kwa safu. Mwalimu akasubiri kelele zipungue, akasema, "Hiyo haitoki kwenye mtihani, tuendelee," akabonyeza slaidi inayofuata.

Na kweli haikutoka. UE, yaani mtihani wa mwisho wa chuo, ilikuwa maswali 40 ya kuchagua herufi, na madesa (makaratasi ya kurithishana) ya mwaka juzi yalikuwa nayo karibu yote. Nikapata A. Leo ukiniamsha usiku uniulize nilisoma nini, nitakutajia tramu tu, basi. Kama GPA yako iko pabaya, nenda, sikulaumu. Ila usimwambie mtu kwamba umesoma falsafa.

Mantiki niliingia kwa ubishi. Rafiki yangu alisema watu wa biashara wanadisko kule, yaani wanafeli mpaka wanaondolewa chuo, nikasema nitaona. Ina alama alama kama hesabu, na wengi hukimbia wiki ya pili wakikutana na jedwali la ukweli, lile la kupanga kila hali ya kauli kuwa kweli au uongo. Kauli mbili, mistari minne, kauli tatu, minane, nne, 16. Kwenye testi tulipewa yenye 32, nikakosea mstari wa 11, na kuanzia hapo kila kitu kikaenda na maji.

Lakini kuna kitu kimoja cha kozi ile ambacho mpaka leo kinanilipa. Mwalimu aliandika ubaoni, kwa Kiswahili kabisa: Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani inafungwa. Barabara ya Jangwani imefungwa. Kwa hiyo mvua kubwa imenyesha. Akauliza kama hoja inasimama. Sisi wote wa Dar tukajibu inasimama, tena kwa sauti, maana nani asiyeijua Jangwani ikijaa maji? Akatuacha tufurahi kidogo, halafu akauliza, "Na kama imefungwa kwa sababu ya msafara wa kiongozi?" Kumbe mvua inatosha kuifunga barabara, lakini barabara kufungwa hakutoshi kuthibitisha mvua. Kosa hilo lina umri mrefu, tangu Aristotle watu wanaonywa, na bado tulilimeza sote bila kutafuna.

Sasa niko kazini. Mwaka jana hesabu za keshia wetu zilikataa kugonga, zikapishana kwa shilingi 9,000. Bosi akanguruma: mtu akiiba, hesabu hazigongi, hesabu hazigongi, kwa hiyo binti kaiba. Nikaiona Jangwani ile ile. Nikamwomba dakika kumi. Wahasibu mnajua, tofauti ikigawanyika kwa 9 kitu cha kwanza unatafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kulikuwa na risiti ya 45,000 iliyoingizwa 54,000. Binti yuko kazini mpaka leo. B+ yangu ya Mantiki siibadilishi na ile A.

Nije kwenye Falsafa ya Afrika, ambayo niliichukua kwa sababu tu haikugongana na Kodi. Nilitegemea methali na ngoma. Wiki ya kwanza tukaanza na padri Tempels, Mbelgiji aliyekuwa Kongo, ambaye kitabu chake cha 1945 kilidai Wabantu wote wana falsafa moja, kwamba kila kilichopo ni nguvu. Nyuma yake akaja Alexis Kagame, padri wa Rwanda, akasema falsafa hiyo imo ndani ya sarufi yenyewe. Katika Kinyarwanda aliona mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Sisi tuliosoma ngeli shuleni kwa viboko tukaanza kutazamana. Mtu, kitu, mahali, namna. Yaani ile M-WA na KI-VI niliyokuwa naichukia darasa la tano, kumbe kuna mtu aliiandikia tasnifu! (Jirani yangu akanong'ona kwamba ukuntu ndio "maneno kuntu". Sidhani, ila tulicheka.)

Siku iliyonifanya nisiikose tena semina ile ilikuwa ya John Mbiti. Mkenya huyu, kwenye kitabu chake cha 1969, alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akajengea hoja kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake mkubwa ulitoka kwenye Kikamba na Kigikuyu. Binti wa Pemba akanyanyua mkono. "Mwalimu, sisi tuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Huo si wakati ujao?" Darasa likapiga makofi. Mwalimu akatabasamu: "Mtondogoo ni siku chache tu. Mbiti hakatai siku chache. Nipe miaka 50." Kimya. Kisha mzee mmoja aliyekuwa anajiendeleza, mwalimu wa sekondari, akasema taratibu, "Na anayepanda mnazi uzeeni, anampandia nani?" Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Haikuisha, na hakuna aliyetaka iishe.

Zoezi la alama 15 lilifuata njia ya Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekwenda vijijini na kuwahoji wazee. Oruka aliwatenganisha wazee wanaorudia busara ya jamii na wale wanaoihoji. Nikampigia babu yangu Muheza. "Shikamoo babu." "Marahaba mchumba, leo umenikumbuka?" Nikamuuliza kuhusu asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha: "Mimi nimeona wakuu ndio wanaovunja watu miguu. Andika hivyo." Nikaandika. Mwalimu akanipa 13, akaandika pembeni kwa peni nyekundu, "Huyu babu anahoji."

Mwisho nilipata B, na nilifanya kazi kuliko zote tatu. UE ni insha tatu kwa saa tatu, madesa hayasaidii, na nondo za kusoma ni nyingi; mimi zilinila bumu (hela ya mkopo wa chuo) kwa kutoa kopi steshenari, shilingi 100 kila ukurasa. Ndiyo ninayokushauri uchukue kwanza, halafu Mantiki.

Angalia ratiba tu kabla hujasajili. Mwaka wetu semina ilikuwa Ijumaa saa 10 jioni, na mimi nilikuwa nafika Mbagala saa 3 usiku nimesimama njia nzima. Walioandikishwa walikuwa 60 na kitu. Waliokuwa wanabaki mpaka mlinzi aje tulikuwa 19.