Vitz ya 2007 hapa Malindi: pampu ya maji, chumvi na bei nilizolipa

Gari lenyewe ni Toyota Vitz KSP90, injini ya 1KR-FE, silinda tatu, sisi 996, otomatiki. Injini hii ni ngumu. Ina cheni ya taimingi, kwa hivyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Kinachoimaliza huku kwetu ni chumvi, iliyo hewani na iliyo kwenye maji ya kisima yanayotiwa ndani ya rejeta.

Pampu ya maji ndiyo ugonjwa unaojulikana wa 1KR. Haipasuki kwa ghafla. Kwanza maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo na chini ya gari hakuna tone. Mulika tochi upande wa mkanda wa nje, ule unaozungusha pampu: ukiona ukoko mweupe au wa waridi chini ya puli ya pampu, sili imechoka, na maji yanatoka kwenye kitundu chake na kukauka kwa joto la injini. Baadaye unasikia mlio wa kusaga asubuhi injini ikiwashwa. Zima injini, toa mkanda, shika puli uitikise. Ikicheza hata kidogo, beringi imekwisha. Nililipa shilingi 5,200 kwa pampu mpya, 1,300 kwa mkanda na 1,500 kwa fundi. Badilisha mkanda wakati huo huo, kwani umeshafunguliwa tayari.

Sasa maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na injini hii ni alumini, sawa na rejeta yake. Chumvi inakula alumini, inaziba njia nyembamba za rejeta na kuua sili ya pampu mpya kabla ya wakati wake. Tia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) iliyochanganywa tayari, au kulanti nzito nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, si asidi. Kama rangi imekuwa ya kutu, kwanza suuza kwa maji yaliyosafishwa mpaka yatoke meupe. Ukijaza, jaza polepole, kifuniko kikiwa wazi, hita kwenye joto la mwisho, na ubinyebinye mipira ya rejeta ili hewa itoke. Iache injini ingurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ndipo uongeze kilichopungua. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka hata kama kila kitu ni kipya.

Fundi akikuambia mtoe themostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa sababu Pwani ni joto, kataa kabisa. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuendelea kuongeza petroli, na tatizo la kweli, iwe feni au rejeta iliyoziba, linabaki pale pale. Vitz hii haina geji ya joto, ina taa mbili tu. Ya bluu ni baridi. Ikiwa bado inawaka ukitoka mjini ukafika daraja la Sabaki, kilomita chache kaskazini, themostati imeng'olewa au imekwama wazi. Nyekundu ikiwaka, simama papo hapo. Usijikaze kufika Mambrui, ng'ambo ya daraja. Kichwa cha injini kikipinda, gharama ya gasketi na kusawazisha kichwa ilinifikia 24,000, na hapo fundi alikuwa na huruma.

Kutetemeka kidogo gari likiwa limesimama kwenye gia ya D ni kawaida ya silinda tatu. Kukizidi, hasa ukiwasha eisi, usikimbilie kununua vitu. Safisha throto (mlango wa hewa ya injini) kwanza, kazi ya 800. Kisha injini ikiwa inanguruma chomoa waya wa koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) moja moja: ile ambayo ukiichomoa mngurumo haubadiliki ndiyo silinda isiyofanya kazi. Hamisha koili yake kwenda silinda nyingine. Ubovu ukihama nayo, ni koili (mtumba wa Japani 2,500). Usipohama, tazama plagi. Silinda zote zikiwa sawa na mtetemo bado upo, ni mauntingi (mpira unaoshikilia injini) ya upande wa mkanda, 3,500.

Chini ya gari, matuta na barabara za mawe ya matumbawe huvunja vitu kwa mpangilio. Mlio wa kugongagonga kwenye mashimo madogo ni linki za stabilaiza (fimbo ndogo zinazozuia gari kulala kwenye kona), 900 kila moja. Kishindo kizito ukifunga breki ni bushi (mipira) za lowa-amu, mkono wa chini unaoshika gurudumu. Mlio wa kukwaruza ukikata kona gari likienda taratibu ni kofia ya juu ya shokomzoba. Boljointi, kiungo cha mviringo kinachounganisha gurudumu na lowa-amu (1,600), ndiyo ya kuogopwa: piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza usiahirishe, maana ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari. Baada ya kazi yoyote kati ya hizi fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu), la sivyo tairi za mbele zitaliwa upande mmoja.

Breki za mbele huku hukwama kwenye pini za kaliper (kifaa kinachobana pedi) kwa kutu. Dalili yake ni pedi moja kuisha ilhali mwenzake bado ni nene. Ukibadilisha pedi (1,800), toa pini, zisugue, zipake grisi ya breki, wala usitumie ile ya beringi kwa sababu inavimbisha mpira.

Kondensa ya eisi, ile rejeta yake ya mbele, huliwa na hewa ya bahari mpaka mapezi yake yanapukutika ukiyagusa. Nililipa 9,500 pamoja na gesi. Ioshe kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi na yasiyo na presha kila wiki mbili, na uoshe uvungu pia siku ile ile ukitoka ufukweni. Wanaoegesha karibu na ufuo wa Casuarina, ambako upepo wa kusi hupiga moja kwa moja, waoshe kila wiki.