Jumamosi nane za hesabu Mwanjelwa, na kilo 30 nilizomdai mtu bure

Nianze na bei ya hili darasa la hesabu za biashara, maana najua ndiyo mtu anayoitafuta kwanza: shilingi 60,000 kwa Jumamosi nane, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Nusu unatoa siku ya kwanza, nusu wiki ya nne. Daftari na kalkuleta unakuja navyo. Darasa ni chumba kimoja nyuma ya maduka, hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini; mabenchi, ubao mweusi, bango hakuna. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Jina silitaji kwa sababu huku mbele nitamsema, na yeye kusemwa hapendi.

Mimi ni muuza mchele, mwaka wa tisa huu. Hisabati tuliachana kidato cha nne. Ilinipa F, nami sikuidai zaidi. Chenji sikosei, kugawanya kwa kichwa naweza, na mteja akianza "nipunguzie mama" najua niishie wapi. Nilidhani hesabu ya biashara ndiyo hiyo. Kilichonipeleka darasani ni mkopo uliokuwa unanitafuna, pamoja na hasira: kila mzigo ukiisha hela inapungua na sioni inakopitia.

Siku ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja. Bodaboda wawili, mama lishe, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi Kabwe, dada mmoja wa saluni, watu wa viazi wa Isyonje, na sisi wa nafaka. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Alisema tu tubonyeze 5 + 3 × 2. Kalkuleta yangu ya sokoni ikanipa 16. Kijana wa Kabwe, kwenye simu, akapata 11. Ukaanza ubishi, kila mmoja anasema mwenzake kabonyeza vibaya. Kumbe kalkuleta ndogo inafuata jinsi unavyobonyeza: 5 na 3 ni 8, mara 2. Simu inatanguliza kuzidisha. Kwa hiyo mimi niliyekuwa naanza na nauli, najumlisha, halafu kilo mara bei, yote kwa mkupuo mmoja, majibu yangu yalikuwa takataka. Siku hiyohiyo tukafundishwa vitufe vya M+ na MR, ambavyo miaka yote nilidhani ni pambo. Sasa nazidisha, naweka M+, nazidisha kingine, M+ tena, mwishoni MR inaniletea jumla. (Mwalimu anasema "kalkuleta". Neno "kikokotoo" hataki kulisikia. Ndilo jina la ile hesabu ya mafao ya pensheni, wastaafu mnajua kwa nini.)

Wiki ya pili na ya tatu ndiyo moyo wa darasa: gharama ya kilo moja. Kila mtu alitakiwa alete mzigo wake wa kweli, si wa kitabuni. Nikaleta wangu. Mpunga kilo 1,000 kutoka Ubaruku, kilo sh 1,000, hiyo ni milioni moja. Kukoboa 50,000. Gari hadi Mbeya 50,000. Vibarua, magunia, uzi wa kushonea na ushuru 20,000. Vyote vilikuwemo daftarini, nikajiona bingwa. Jumla 1,120,000.

"Mchele ulitoka kilo ngapi?" akauliza Mwalimu.

"Mia sita hamsini."

"Ulipima?"

Sikupima. Zamani mwenye mashine aliniambia mpunga mzuri unatoa asilimia 65, nami nikaichukua kama aya. Magunia yakishonwa nahesabu kwa macho, sita na nusu, basi. Mwalimu akaniambia, "Mama, hiyo 65 ni ya mpunga wa nani? Ulianikwa siku ngapi? Mashine ipi? Nenda kapime, Jumamosi uniletee."

Nilipanda gari Jumatano alfajiri. Nikasimama pale mashineni na mizani yangu, kitenge nimejifunga puani kwa vumbi la pumba, na kila gunia kabla ya kushonwa nalipandisha. Mwenye mashine akawa ananitania, ati nimetumwa na Wakala wa Vipimo. Ziliingia kilo 1,000 za mpunga, zikatoka 620 za mchele. Mizigo miwili iliyofuata nikarudia vilevile, sikuvuka 625.

Sasa gawanya mwenyewe. 1,120,000 kwa 650 ni kama sh 1,723 kwa kilo. Kwa 620 ni sh 1,806. Nauza 2,000, kwa hiyo faida niliyokuwa naiota ni 277 na ninayoipata ni 194. Kwa mzigo mzima nasubiri 180,000, napata 120,000. Pengo ni elfu sitini. Kilo 30 za mchele ambazo hazikuwahi kuwepo duniani.

Na kilo 30 hizo nilikuwa na mtu wa kumdai. Kibandani alikuwa ananisaidia mtoto wa kaka yangu. Kila mzigo ukiisha nahesabu, elfu sitini haionekani, namwangalia yeye. Mwizi sikumwita. Nilikuwa nasema "mchele hauna miguu", halafu namkata elfu ishirini kwenye posho yake. Mwezi wa tatu alifungasha begi akarudi Tukuyu. Haya darasani sikuyasema. Nilinyoosha mkono nikaomba kutoka, Mwalimu akadhani nakwenda chooni.

Wiki ya nne ni asilimia, na hapo Mwalimu ana swali lake moja ambalo mpaka leo tunataniana nalo sokoni: "Ya nini?" Ukitaja asilimia yoyote anakudaka, ya nini? Dada wa saluni anauza pia mafuta ya nywele. Ananunua kopo 10,000, anaongeza asilimia 20, anauza 12,000. Desemba aliweka punguzo la asilimia 20 akiamini anarudi kwenye bei ya kununulia, hapati wala hapotezi. Lakini ishirini ya kwanza ilikuwa ya 10,000, na ya pili ni ya 12,000. Punguzo ni 2,400, kopo linatoka kwa 9,600. Dada akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe Krismasi nzima nilikuwa nagawa." Tulicheka mpaka mama wa duka la mbele akaja kuchungulia. Na anayetaka faida iwe asilimia 20 ya bei ya kuuzia, anagawanya gharama kwa 0.8: kopo hilo linatakiwa liuzwe 12,500.

VAT ilimhusu zaidi yule wa Kabwe. Bei ya 118,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake, kodi ni 18,000, maana unagawanya kwa 118 na kuzidisha kwa 18. Yeye alikuwa anachukua 18 ya 118,000 nzima na kupata 21,240. Ni "ya nini" ileile.

Halafu mkopo wangu. Nilikopa milioni moja kwa miezi sita, riba asilimia 5 kwa mwezi. Mkopeshaji simtaji, ila wa namna ile mnawajua, hii mikopo watu wanayoiita kausha damu. Kila mwezi natoa 216,667. Nikamwambia Mwalimu, riba yenyewe tano tu.

"Tano ya nini?"

"Ya milioni."

"Mwezi wa sita bado unadaiwa milioni?"

Hapana, nilikuwa nimebakiza 166,667. Na riba ya mwezi huo nilitoa 50,000 ileile. Hiyo ni asilimia 30 ya deni lililobaki. Akachora ngazi ubaoni: 1,000,000, inashuka 833,333, 666,667, 500,000, 333,333, mpaka 166,667. Ukitoza tano ya kila ngazi, riba yote ni 175,000. Mimi nililipa 300,000. Mkopo wa riba inayopungua na deni, ili uniumize kama ule wangu, ungetakiwa utoze kama asilimia 8 kwa mwezi. Na sijaweka elfu ishirini ya fomu waliyoikata kabla sijashika hela, maana mkononi nilipokea 980,000 na riba nikalipia milioni. Mwalimu alitukumbusha kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Akasema ukifika kwake uliza leseni, kisha uliza riba ni ya deni la mwanzo au ya lililobaki, kisha uombe ratiba ya marejesho iliyoandikwa. Asipokupa, ondoka. Mimi nilikuwa naona aibu kuuliza, naogopa nitaonekana sijasoma.

Sasa mabaya, na yapo. Saa tisa yake ni saa tisa na nusu. Jumamosi ya saba aliiahirisha bila kutuma hata ujumbe, tukasimama nje na baridi ya mwezi wa saba ya Mbeya, mimi nimefunga kibanda siku ambayo mchele unakwenda. Iliyofuata akataka kubana wiki mbili ziwe moja. Riba ya mchanganyiko, yaani riba juu ya riba, ilipita kwa saa moja, vipeo juu ya vipeo, na bodaboda mmoja alipouliza akajibiwa "hii mlifundishwa sekondari". Kama ningekuwa niliielewa huko nisingetoa 60,000. Karatasi za mazoezi ni fotokopi ya fotokopi, 3 na 8 huzitofautishi, na kwa darasa la hesabu hilo si dogo.

Kubwa zaidi ni alichokiruka kabisa: hela iliyoko nje. Nina mama lishe wanaochukua mchele Jumatatu na kulipa mwisho wa mwezi, na nina mwalimu wa shule anayelipa akijisikia. Faida yangu ya 194 imekaa kwao, na mimi Ubaruku wanataka taslimu. Niliuliza mara mbili, akasema hilo ni somo la utunzaji wa vitabu, halimo. Kwa sisi wa sokoni lingetangulia hata VAT.

Kama tayari unaandika vitabu vyako na unajua kutofautisha mtaji na mauzo, utachoka wiki ya pili. Kama uko kama nilivyokuwa, nenda, ila mwambie akupe ratiba mkononi kabla ya kutoa nusu ya kwanza. Mimi nampa nyota nne, ya tano aifuate pale alipotuacha kwenye baridi.

Jumapili baada ya kumaliza nilipiga simu Tukuyu. "Shikamoo, shangazi." Nikamweleza mashine, mizani, 620. Akanyamaza nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema taratibu, "Nilikuambia, shangazi. Nilisema magunia yanakuja mepesi." Ni kweli alisema. Nilimjibu abebe, aache maneno.

Nikachukua kalkuleta. Mizigo mitano, elfu ishirini ishirini. Nimemtumia laki moja na ya kutolea. Kurudi hajasema kama atarudi.