Top Hat (1935): mara ya kwanza niliiona bila miguu

Kosa lilikuwa langu. Niliikodi filamu hii mtandaoni Jumamosi usiku, nikakaa na mama sebuleni, tukaanza kumtazama mcheza dansi Fred Astaire akicheza kuanzia magotini kwenda juu. Runinga nilikuwa nimeiacha kwenye ule mpangilio wa kukuza picha ijae kioo kizima, na filamu za enzi zile umbo lake linakaribia mraba, kwa hiyo juu na chini kulikatwa. Mama ndiye aliyeuliza: "Sasa huyu anayesifiwa miguu, miguu yenyewe iko wapi?"

Nikashika rimoti, nikarekebisha, tukaanza upya. Mbingu na ardhi! Astaire alishikilia kamera ionyeshe mwili mzima wa mchezaji, utosi hadi soli, bila kukatakata, na ukiona utaelewa kwa nini.

Kipande nilichokirudia mara tatu ni cha hotelini London. Jerry (Astaire) anacheza dansi ya kugonga viatu usiku hadi Dale (Ginger Rogers), aliyelala chumba cha chini, anapanda kulalamika. Akishaondoka, jamaa anamwaga mchanga sakafuni na kuuburuza kwa soli, shii, shii, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Huko chini Dale anasinzia. Na mama yangu pia, kidogo, ingawa anakataa.

Kisa chenyewe ni chepesi mno. Dale anamdhania Jerry ni mume wa rafiki yake. Wangeulizana majina tu yangekwisha, lakini na filamu nayo ingekwisha. Kisha wote wanahamia Venice, Venice ya kujengwa ndani ya studio, na haijifichi. Beddini, yule mbunifu wa mavazi Mwitaliano, wamemfanya kikaragosi na hakunichekesha. Bates, mtumishi, ndiye aliyenivunja mbavu.

Ukifika wimbo wa "Cheek to Cheek" wa Irving Berlin, kodoeni macho kwenye gauni la Rogers. Ni manyoya ya mbuni, na wakati wa kutengeneza filamu yalikuwa yakipukutika na kumpeperukia Astaire hadi akakasirika. Moja mawili bado yanaonekana yakielea. Mama aliyaona kabla yangu.

Nyota 4 kati ya 5. Sauti inakwaruza, na tafsiri ya Kiswahili haikuwapo, hivyo nilikuwa mkalimani wa mama hadi walipoanza kucheza tena, akaniambia ninyamaze.